Fundi Alfonce Werema na Sindano Mbili za Kabureta

Baba Paroko, wazee wa Nyegina, shemeji zetu mliofika tangu jana kutoka Butiama, mafundi wenzetu wa Mukendo, akina mama wa jumuiya, na nyote mliokuja kutushika mkono leo Jumamosi, tarehe 19 Novemba 1994, naitwa Boniphace Werema, mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, na ndiye niliyepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi iliyopitishwa na kamati ni ya ukurasa mmoja, ninayo hapa mfukoni, haina kosa la tarehe hata moja, lakini nimeshindwa kuisoma hiyo mbele ya jeneza hili, kwa hiyo nimeandika nyingine kwa mkono wangu, nanyi mnivumilie, na ninyi vijana mliokalia boneti ya ile Morisi pale nyuma naomba mshuke, hiyo gari si benchi.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Machi 1941 hapa hapa Nyegina, mtoto wa kwanza wa Mzee Werema Mayala, aliyekuwa mvuvi, na Mama Boke Keraryo, na kati yake na mimi walizaliwa watoto watano ambao hawakukua, ndiyo maana alinipita miaka kumi na minane. Baba yetu alifia ziwani mwaka 1963, nikiwa na miaka minne, na tangu hapo Alfonce alikuwa kaka na akawa baba, ndiye aliyeninunulia kaptula ya kwanza ya shule, ndiye aliyenichapa nilipoichana siku hiyo hiyo, na ndiye aliyekaa mpaka jioni akiishona, kwa sababu alikuwaga hivyo, hasira yake haikufikaga saa ya chakula.

Alisoma shule ya misheni hapa Nyegina kuanzia mwaka 1949, akamaliza darasa la nane mwaka 1956, na mwaka uliofuata akaenda Musoma mjini kujifunza ufundi katika gereji ya Mhindi mmoja, ambako kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kushika kitu kingine zaidi ya kuosha nati kwa mafuta ya taa, na alipenda kusema kwamba mtu asiyejua kuosha nati asimwonyeshe injini yake. Mwaka 1964 aliajiriwa Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akajifunza mashine ya kukereza chuma, akakaa huko miaka minane, kisha mwaka 1972 akarudi Musoma na kufungua gereji yake Mukendo, chini ya mabati manne na mti mmoja wa mwarobaini, mahali ambapo mimi na yeye tumefanya kazi kwenye benchi moja mpaka juzi.

Tarehe 25 Julai 1970 alifunga ndoa takatifu huko Butiama na Tereza binti Danford, dada yake shemeji yetu Rafaeli aliyekaa pale mbele, na wale mnaomkumbuka Tereza mnajua alivyokuwa akicheka, alikuwa akicheka mpaka anajishika ukuta, na Alfonce ambaye hakuwa mtu wa maneno alikuwa akitafuta maneno kwa ajili ya kicheko hicho tu. Walipata mtoto mwaka 1973 akafa siku ya pili, wakapata mwingine mwaka 1977 hakulia kabisa, na baada ya hapo Tereza alianza kukaa zaidi shambani kwao Bugwema, akilima pamba na mihogo, kwa sababu alisema mjini kila mwanamke ana mtoto mgongoni.

Sasa niwaeleze juu ya gari, maana bila gari historia hii haieleweki. Mwaka 1975 marehemu aliinunua ile Morisi Oksfodi mnayoiona pale, ya mwaka 1960, yenye mlango wa nyuma, kutoka kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na ilitembea vizuri mpaka ilipokuja vita, na baada ya vita mnajua wenyewe, sabuni hakuna, viberiti hakuna, spea ndiyo usiulize, na pistoni za Morisi zilipokwisha hapakuwa na mtu mkoa mzima wa Mara wa kumuuzia nyingine. Wengine waliokuwa na gari kama hiyo waliigeuza banda la kuku. Kaka yangu mwaka 1981 alikwenda Bunda, akaiomba ile mashine yake ya zamani, akazitanua silinda ziingie pistoni kubwa zaidi alizozitoa kwenye gari lililopata ajali, akaipunguza kidogo hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, akarudi na injini ambayo haikuwa ya Morisi tena wala ya kitu kingine, ilikuwa ya Alfonce.

Injini hiyo ilikuwa na nguvu lakini ilikuwa na njaa, na hapo ndipo kazi ya sindano ilipoanza. Ndani ya kabureta ya namna ile kuna sindano ya shaba, ndefu kama kidole cha mtoto, imechongwa ikipungua kuelekea nchani, inapanda na kushuka kwenye tundu la petroli kila unapokanyaga mafuta, na unene wake ndio unaoamua injini inywe petroli kiasi gani, ikiwa nene petroli inabanwa, ikiwa nyembamba petroli inaachiwa. Sindano iliyokuja na gari ilikuwa nene mno kwa pistoni kubwa, injini ikawa inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, inakohoa, na fundi yeyote anajua kwamba gari likienda hivyo safari ndefu, valvu ya moshi inaungua. Kaka alikusanya sindano kutoka kwenye kabureta mbovu za Musoma, Bunda, mpaka Tarime, kumi na saba nilizihesabu, akazijaribu moja moja kwenye kile kilima cha mawe cha njia ya Bugwema, akifika juu anazima, anafungua plagi, anaiangalia, nyeusi anasema imeshiba mno, nyeupe anasema ina njaa, na hakuna iliyofaa, mpaka akachukua moja akaisugua kwa msasa laini, jioni kwa jioni, wiki tatu, na siku plagi ilipotoka na rangi ya ganda la karanga zilizokaangwa alinikumbatia, jamani, Alfonce alinikumbatia katikati ya barabara.

Sindano hiyo aliiita ya kazi. Ile nene hakuitupa, aliiweka kwenye kiberiti kitupu na kukiandika kwa penseli MGAO, kwa sababu petroli ilikuwa ya mgao, na kama gari linakwenda tupu, taratibu, hapa hapa mjini, sindano nene ilimsaidia kubana mafuta bila kuumiza kitu, na kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi, unafungua kifuniko, unalegeza skrubu moja, basi. Alinifundisha kuibadilisha, na alinipa sharti moja, kwamba sindano ya mgao isivuke daraja la kutoka mjini, na kwamba gari likirudi gerejini, la kwanza kabla ya kunawa mikono ni kurudisha ya kazi.

Mwaka 1983 Tereza alishika mimba ya tatu, na ninaomba shemeji Rafaeli unisikilize hapa, kwa sababu kwa miaka kumi na moja umesema kwamba mume wa dada yako alikuwa bahili wa petroli. Tangu mwezi wa sita mwaka ule, Alfonce alikuwa na dumu la lita ishirini chini ya kitanda chake pale Mukendo, alilijaza kwa kikombe kutoka kwenye kila mgao aliopata, alilifunga kwa mpira wa baiskeli, halikuguswa kwa harusi wala kwa msiba, lilikuwa la Tereza, la siku ile moja tu ya kumpeleka hospitali, na mtu aliyeligusa angeondoka pale na jino pungufu. Mimi nililijua dumu hilo, nilikuwa nalilalia, maana kitanda kilikuwa kimoja.

Jumamosi tarehe 1 Oktoba 1983 kaka alinituma Bunda na Morisi kuchukua shafti iliyokuwa inakerezwa, akanipimia lita za kwenda na kurudi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Bunda kulikuwa na msichana anaitwa Hyasinta, ambaye sasa ni mke wangu na mama wa wanangu sita, yuko pale na khanga ya kijani, na yeye haya anayasikia leo kama ninyi. Nilitaka nimpakie Hyasinta kwenye gari, nimzungushe, watu wa kwao wamwone, na petroli isingetosha, na dumu sikuthubutu, nilijiona mwenye heshima kwamba dumu sikuligusa, kwa hiyo nilipotoka gerejini nikafungua kabureta, nikatoa sindano ya kazi, nikaweka ya mgao. Nilivuka nayo daraja, nikaenda nayo Bunda na kurudi, kilometa zaidi ya mia na arobaini, injini ikikohoa nami nikiimba, nikafika jioni nimefurahi kama mjinga, nikanawa mikono, nikalala, nikasema sindano nitairudisha Jumatatu.

Jumapili baada ya misa kaka alipata habari kwamba Tereza amesikia uchungu kabla ya siku zake, akamimina dumu lote kwenye tangi, akaondoka kwenda Bugwema bila kufungua boneti, maana hakuwa na sababu ya kuifungua, gari aliliacha na sindano yake na alikuwa na mdogo wake anayemwamini. Njiani alisikia inakohoa, akadhani ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kama ilivyokuwa petroli nyingi ya siku zile, na akina mama wa Bugwema walipompakia Tereza kwa nyuma kwenye godoro, na mkunga amesema mtoto amelala vibaya na hapa si mahali pake tena, hakukuwa na muda wa kuangalia plagi. Walipoanza kupanda kile kilima cha mawe, kilima kile kile, valvu niliyokuwa nimeiunguza mimi nusu kwa safari ya Bunda ilimalizika, injini ikalia mara mbili na kufa, na ilikuwa saa tisa mchana siku ya Jumapili, na wazee mnakumbuka ile amri, gari za watu binafsi zilikuwa haziruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane, kwa hiyo barabara nzima haikupita gari hata moja, hata moja, mpaka Jumatatu. Walimbeba kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne, kaka yangu mmojawapo, mtoto akazaliwa njiani jua likianza kushuka, mzima, analia, na mama yake akaendelea kutoka damu, na walipomfikisha Nyegina, kwenye ile barabara tuliyopita leo na jeneza, Tereza alikuwa ameshatuacha. Nilimwona kaka akiingia na upande wa kitanda begani na kichanga kimefungwa ndani ya shati lake.

Tulimzika Tereza Jumanne, na Alhamisi tukaivuta Morisi kwa ng'ombe mpaka Mukendo, na kaka akafungua kabureta, mimi nimesimama kando yake nimeshika taa ya betri mchana kweupe sijui kwa nini. Aliinua sindano, akazisoma herufi zilizogongwa kwenye shina lake, akaomba kitambaa, nikampa, akaifuta, akafungua kiberiti kilichoandikwa MGAO, akaiweka ndani, akakifunga, akaniambia niende nikale. Ndugu zangu, hayo ndiyo aliyoniambia, niende nikale.

Kwenye kikao cha matanga wazee wa Butiama waliuliza sababu ya gari kufa, na Rafaeli ulikuwa umesimama, macho mekundu, na panga ulikuwa umeliacha mlangoni kwa kusihiwa, na kaka yangu alisimama akasema gari lilikuwa limewekewa sindano ya kubana petroli, na kwamba yeye ndiye fundi wa gari lile na hakuna mwingine wa kuulizwa. Ulimwambia kwamba amemuua dada yako kwa ajili ya kikombe cha mafuta, ulimwambia mtu wa namna hiyo hawezi kulea mtoto, na siku hiyo hiyo mkamchukua Susana, ana siku tisa, mkaenda naye Butiama, na hakuna aliyekosea kwenu, mngefanya nini na mlichoambiwa, aliyekosea alikuwa amekaa mkekani ameinamisha kichwa, na ndiye anayewasomea.

Marehemu hakuoa tena. Alitumia mwaka mzima kuitengenezea injini ile valvu kutoka kwenye chuma cha trekta, akarudisha sindano ya kazi, kisha akamwagia risasi ya betri iliyoyeyushwa juu ya ile skrubu ili pasiwe na mkono wa mtu utakaoweza kuilegeza tena, na kuanzia Novemba 1984 mpaka mwaka jana, kila mwanamke wa Bugwema aliyeshikwa na uchungu alifuatwa na Morisi ile. Biashara ilipofunguliwa, madukani spea zikajaa na barabarani zikajaa pikapu za Kijapani, vijana wa Mukendo walimcheka na kumwambia auze chuma chakavu, naye aliwajibu kwamba kuna watu wanaingojea, na leo nikitazama tu hapa naona watoto wanne wanaoitwa Alfonce ambao si wa ukoo wetu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Susana alipokea Komunyo ya kwanza huko Butiama, na kaka alikwenda, akasimama nyuma kabisa kanisani na suti yake ya harusi, na baada ya misa Mama Selestina, mke wa Rafaeli, ambaye Mungu ambariki kwa malezi aliyompa mtoto huyu, alimwambia Susana amsalimie baba yake. Mtoto aliificha mikono yake mgongoni. Alikuwa amefundishwa alichofundishwa, ana miaka tisa, hana kosa. Kaka alirudi Mukendo akaniambia kwamba amekuwa mrefu na ana paji la uso la mama yake, halafu akatoka kwenda kuosha nati ambazo zilikuwa safi, na habari ya mikono nimeipata kwa wengine.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Januari mwaka huu, akalazwa Hospitali ya Mkoa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Oktoba. Siku moja, mchana, nikimnywesha uji, nilishindwa, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kaka, ile sindano ni mimi. Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini alijibebesha, akasema kwamba Rafaeli alikuja na panga na mimi nilikuwa na matangazo ya ndoa yanasomwa Bunda, na kwamba yeye alisikia injini inakohoa na hakusimama kuangalia, kwa hiyo hakusema uongo kabisa. Akanitaka nisiwaambie watu wa Butiama. Nilipomuuliza, na Susana je, aliomba maji, nikampa, akageukia ukutani. Alifariki Jumatano tarehe 16 Novemba 1994, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Kaka, nimekukosea wakati wa uhai wako na sasa nakukaidi ukiwa umelala hapo, nisamehe yote mawili.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Mkoa waliomhudumia kwa moyo, majirani wa Mukendo waliopika bila kuulizwa, mafundi waliofunga gereji zao siku tatu, Baba Paroko na wanakwaya, na watu wa Bugwema waliokuja kwa miguu. Shemeji Rafaeli, tukimaliza hapa sitakwenda popote, nitakaa pale kando ya Morisi, uje uniambie lolote la kuniambia, wewe na Hyasinta pia. Ratiba inasema wa kwanza kuweka udongo ni mimi kama ndugu wa karibu, nami naomba wazee waibadilishe, kwa sababu marehemu ameacha mtoto mmoja, binti, wa darasa la tatu, aliyebebwa na baba yake ndani ya shati kutoka kilimani mpaka hapa, na mtoto huyo amekaa kwenye viti vya wageni.

Susana, mwanangu, inuka uje mbele. Usiogope, mama Selestina atakushika. Baba yako hakumbania mama yako hata tone moja. Njoo, toa mikono.

Kaka Alfonce, pumzika sasa, mwanao huyu anakuja.